Kabla ya Kwale

Tumepasua mfuko wa unga, tukaulaza mezani
upande mweupe juu, na Shufaa akachora:
hapa zizi letu, Mkomani, nyuma ya gereji;
hapa daraja, hapa kivuko,
kisha mstari mrefu unaopitia Ng'ombeni,
unaokata kona Kombani na kuanza kupanda
mpaka Shimba, penye duara la kahawa.
Hakulichora. Kikombe kilivuja.
"Liache," akasema, "ndiyo kambi."

Mwezi wa tano. Mvua. Ufuoni hapana mgeni
wa kupandishwa, kupigwa picha, kushushwa.
Farasi wawili wanakula deni.
Risasi, ambaye hata jogoo humpita,
na Bi Tatu, jike la miaka kumi na tisa,
kumi na minne kati yake
akienda mwamba hadi mwamba, mwamba hadi mwamba,
mgongoni watoto wa watu wakililia mama zao.
Hajapata kupanda mlima.
Sidhani anajua kwamba dunia huinuka.

Basi tuhesabu, ya farasi kwanza.
Marobota manne ya majani makavu,
madebe mawili ya pumba, chumvi ya kulamba.
Maji: ndoo tatu kwa kichwa kwa siku,
nne wakitoka jasho, na watatoka.
Kamba ndefu, ifungwe miti miwili, juu,
maana ukimfunga kwenye mti mmoja
atauzunguka kama mtu mwenye wazo moja
hadi ajinyonge.
Kwato zao zimelelewa na mchanga, hazijavaa chuma:
tutembee pembeni mwa lami, kwenye vumbi,
mizigo itangulie na tuktuk ya Badi.
Yetu sisi: sufuria, ndimu, viberiti.
Shufaa anaongeza mto. Najifanya sijaona.

Kivukoni ndipo ninapokosa usingizi.
Nani atamweleza mtu wa geti
kwamba huyu ni abiria?
Tutavuka alfajiri, kabla ya mbio za wenye ajira,
macho ya Risasi yamefungwa kanga ya mamangu,
ile iliyoandikwa WASIWASI NDIYO AKILI.
Atakuwa haoni, lakini ameambiwa.

Daktari wa mifugo, Mwachiro, alikuja Jumatano,
akampapasa Bi Tatu tumbo, akakataa chai.
"Tembo mtamwona akija," alisema.
"Mbung'o hamtamwona. Mtaona farasi akikonda."
Sindano kabla, dawa ya kupaka,
na moshi wa mavi ya ng'ombe, usiku kucha, zamu kwa zamu.
Shufaa akaandika moshi,
akapiga mstari chini yake, halafu mwingine.

Na barua tuliyowaandikia wenye hifadhi
imejibiwa, tena kwa adabu:
nyinyi karibuni sana; farasi wasivuke lango.

Tulikaa kimya. Jirani alikuwa anakwangua nazi.
Kisha Shufaa akachovya kidole kikombeni
akachora duara jipya, nje ya uzio,
kwenye konde la shangazi yake Mejumaa,
mashina machache ya mihogo na upepo mwingi.
"Nyasi," akasema, "hazisomi kibao.
Ni zile zile huku na huku."

Jana jioni tulijaribu hema uani,
la kuazima, la maskauti, linanuka mafuta ya taa.
Upepo ukalijaza. Risasi akaruka, akavunja ndoo.
Ndoo moja: nimeongeza kwenye hesabu.
Bi Tatu alisimama akalitazama.
Akalisogelea hatua kwa hatua,
akaingiza kichwa mlangoni, akakiacha humo
kama mpangaji anayekagua chumba,
dari, dirisha, majirani,
kabla ya kuuliza kodi.

Tarehe bado. Pesa za dawa bado.
Chini kabisa ya mfuko, karibu na alama ya kilo mbili,
Shufaa ameandika karoti,
akaifuta,
akaiandika tena.