Kijiti cha Mkonge

Rubani Kihiyo ana geji tano mbele yake,
zote zinawaka, zote zina maoni.
Mimi nina kijiti.
Nilikichonga kwenye mlingoti wa mkonge uliokauka kule Pongwe,
nikakitia alama kwa kisu, lita tano tano mpaka sitini.
Ukikizamisha kwenye tangi
hakijui kubembeleza mtu.

Injini tuliitoa kwenye gari lililofia Chumbageni.
Haina pistoni. Ndani yake kuna pembetatu nene
inayozunguka na kuzunguka
kama mtu aliyefungiwa chumbani na deni.
Haina vali ya kuungua.
Pembe zake tatu zinataka tone la oili kwenye petroli, basi,
hazidai zaidi.
Ila kiu!
Lita thelathini na nane kwa saa moja.
Kihiyo alishika kiuno: "Mwanamvua,
hii ni ndege au ni harusi?"

Nikafungua plagi. Nyeusi,
masizi matupu, kama sufuria ya matanga.
Sikushangaa. Nimekulia Ngamiani,
nyuma ya jiko la mafuta la mama,
tambi kumi, moto wa njano unalamba hadi mikono ya sufuria,
na yeye anapaza sauti kutoka uani:
Shusha hizo tambi!
Moto wa kujionyesha ni pesa inayopaa.
Tunashusha, tunashusha,
mpaka unakuwa wa buluu, mfupi, unanong'ona,
na maandazi yanaiva yaleyale.

Watu hawaamini. Wanadhani mafuta ndiyo nguvu,
wanamimina kama sukari kwenye chai ya mgeni,
wasije wakaitwa wachoyo.
Lakini injini inakula hewa.
Hewa ndiyo wali.
Petroli ni chumvi.

Jumanne asubuhi, futi elfu tatu juu ya Amboni,
mistari ya mkonge chini imenyooka kama daftari jipya.
Vuta, nikamwambia.
Akavuta kirungu chekundu, unene wa kucha.
Joto la moshi likapanda.
Vuta.
Likapanda.
Vuta. Likapanda, na shingo ya Kihiyo ikaanza kung'aa jasho.
Mwoga huishia hapa hapa, kileleni,
penye joto kuliko pote,
akashuka kujisifu kwamba amebana matumizi.
Vuta tena, nikasema.
"Tena?"
Tena.
Joto likageuka, likaanza kuteremka upande wa pili,
taratibu, kama basi la Lushoto likishuka Mombo,
halafu injini ikakohoa.

Mara moja tu.
Nusu ya sekunde.
Humo ndani nilikumbuka nguo nilizoziacha kambani,
na kwamba sijamlipa Mama Zubeda viatu.

Rudisha. Robo.
Akarudisha robo, kwa vidole viwili,
na pembetatu ikapata mshono wake,
ikashona anga
bila kuruka hata tundu moja.

Tulipotua sikumsubiri azime geji.
Nikapanda bawa, nikazamisha kijiti, nikakitoa:
unyevu umesimama kidole kimoja chini ya thelathini.
Saa nzima, lita thelathini na moja.
Kihiyo akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu,
saba mara bei, mara safari za mwezi,
akacheka peke yake.
Mimi nilihesabu kingine.
Lita saba ni dakika kumi na tatu na ushei,
na kati ya hapa na Mkoani
kuna mahali ambapo ukitazama mbele ni maji,
ukitazama nyuma ni maji.
Dakika kumi na tatu, hapo,
sizipigii bei.

Plagi nayo nikaifungua ingali moto, nikaungua kidogo.
Kavu. Kahawia.
Rangi ya andazi lililotoka sasa hivi.

Jioni Kihiyo akaniomba kijiti,
eti akibandike karibu na geji zake, kiwe cha sita.
Nikakifuta kwa kanga kuukuu, nikakirudisha mfukoni.
Mkonge umejaa Tanga,
nilimwambia.
Achonge chake.