Robine ya Juu Mlimani

Mugaruka, fundi wa mabomba,
miaka ishirini na miwili ukiipanda Kadutu na spana begani,
wewe ndiye uliyenifundisha:
maji yakipungua, robine ya juu ndiyo hufa kwanza.
“Msiilaumu robine,” uliwaambia akina mama wa Cimpunda,
“bomba lake ni jembamba, kutu huanzia hapo.
Shukeni mkatazame bomba kubwa.”

Basi mbona yako mwenyewe hukuisoma?

Msimu mzima wa mvua ulilala ukitazama ukuta.
Nilidhani una ofisi ya pili.
Nikanusa mashati, nikahesabu vitenge vipya vya jirani,
nikamhoji dada yako Nsimire hadi akanikatia simu.
Mfukoni sikukuta barua ya mwanamke.
Nilikuta mizizi ya mulondo katika karatasi ya daftari
na vidonge vinne vya buluu, kimoja kimeng’atwa nusu.

Nilicheka. Kisha nikaona haya ya kucheka.

Uchovu, ulisema. Umri. Jicho baya la mtu wa Bagira.
Na ngazi za Kadutu zikaanza kukudai:
unasimama katikati, kiganja kifuani,
unajifanya unasalimia watu.

Muuguzi Bashizi alikufunga mkono kwa mashine ya presha,
akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya sambaza:
“Na kitandani, baba?”
Ulitazama dari. Dari ilikuwa na doa la mvua.
Nikajibu mimi.
Hakucheka. Aliandika.
“Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo.
Mafuta yakianza kuganda, huko ndiko hulia kwanza.
Moyo hufuata baada ya miaka,
mara nyingine bila kupiga hodi.”
Vile vya buluu akavibakiza mezani kwake:
“Mpaka tuujue moyo.”

Ulinyamaza
kama fundi aliyeonyeshwa bomba alilolifunga mwenyewe.

Sasa chumvi nimeificha juu ya kabati.
Sigara umeacha, unasema.
Mengine bado; sikuulizi.

Saa tisa usiku robine ya uani inakohoa:
hewa, kisha kutu, kisha maji.
Unaamka na ndoo, naamka na wewe.
Tunasimama gizani, kiganja changu mgongoni mwako,
pale ninapousikia ukigonga,
na hatusemi neno,
maana maji ya usiku hayangoji
watu wamalize mazungumzo.