Tarakimu za Otar

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata nimeifukia wiki tatu zilizopita
kwenye kilima kile cha makaburi, theluji ikidondoka.
Otar amekwenda na namba zake.
Sefu imebaki nyuma ya magunia ya unga,
uso wake wa duara umenikodolea.
Nimezungusha tarehe ya harusi. Nimezungusha
mwaka wa vita, mwaka wa giza, namba ya gari lililouzwa.
Kimya. Chuma hakina mjane.

Basi akaja Zaza, fundi kufuli wa ng'ambo ya Rioni,
akatoboa tundu moja dogo kwa saa nne
kama daktari wa meno, akachungulia, akafungua:
hati za tanuri, lari elfu mbili,
na soksi moja ya mtoto.
Sikuuliza. Wala yeye hakuuliza.

"Sasa chagua kufuli jipya, Kalbatono Manana,"
akayapanga mezani, juu ya vumbi la unga.

La kuzungusha, kama lile la zamani:
halili betri, halijali umeme kukatika,
ila linataka kichwa. Na kichwa, nimeona, huzikwa.

La vibonye. Tarakimu sita, unabadili upendapo.
Nikabonyeza; vibonye vinne vikabaki vyeupe.
Mkwe wangu hatahitaji hata kubahatisha.

La kidole. Nikaweka changu, likawaka jekundu.
Cha shahada, cha kati, gumba: jekundu.
Miaka thelathini na mmoja nabandika mikate
kwenye ukuta wa tanuri la udongo,
na moto umeilamba mistari yangu yote.
Kwa kifaa kile mimi si mtu.
"Labda ukipaka mafuta," akasema Zaza, akakohoa.
Nilicheka hadi nikatafuta kiti.

La ufunguo. Mrefu, meno pande mbili,
mzito kama kijiko cha kanisani.
"Huu huibika," akasema. "Hupotea."
Najua. Lakini unaweza kupewa mtu.
Mmoja nitauvaa shingoni, wa pili
nitaupeleka Thesaloniki kwa Nestan, ndani ya soksi za sufu,
na barua: usije mbio, ila ujue upo.
Tukapatana bei. Akaenda.

Usiku, chachu ikifura kwenye beseni,
nikaketi mbele ya lile kufuli la zamani.
Tundu la Zaza halikugusa magurudumu yake.
Soksi ilikuwa mkononi.
Levani alizaliwa na gramu elfu mbili mia saba arobaini.
Alikaa nasi siku tisa.
Otar hakuwahi kumtaja, hata mara moja, hata akilewa.

Ishirini na saba. Arobaini. Tisa.

Likatoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate.

Kesho saa mbili Zaza anakuja na la ufunguo.
Nimeshalipa nusu.
Sijui nitamwambia nini.