Wiki Sita za Nyundo

Tulipewa nyundo, kilo ya misumari
na fulana ya njano iliyonizidi mabega.
Wiki sita, akasema Mtendaji wa Kata,
wiki sita tu, msije mkajenga ghorofa kichwani.

Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne,
matokeo yangali huko yanakolala matokeo.
Nikapangwa na Ndahani, mitaa ya Chang'ombe:
yeye anashika kibao, mimi napigilia.

Upepo wa Dodoma haupigi hodi.
Vumbi masikioni, vumbi kwenye chapati ya saa nne,
vumbi kwenye daftari nilimoandika
*Mbeleje Chilewa. Vyumba viwili. Choo nje.*
Mama Mbeleje aliuliza mara tatu:
"Hiki si cha kuvunjiwa?"
Mara ya tatu nikaweka nyundo chini,
nikaanza upya, kwa *mbukwenyi*.
Akatuletea maji. Yana chumvi, ndiyo maji yetu.

Likizo iliyotangulia, Ndahani
alishinda nyuma ya machinjio.
Usiku ule wa nyaya za shaba
mwenzao mmoja alikamatwa, yuko Isanga.
Safari hii saa mbili usiku alikuwa amelala,
hoi kama punda wa mnadani.
Sisemi kazi ilimbadilisha.
Nasema ilimchosha,
na uchovu nao ni mlinzi.

Malipo yaliingia kwenye simu ya mama,
mimi sina kitambulisho.
Akausoma ujumbe kwa sauti, tarakimu moja moja,
kama anayehesabu vifaranga.
Madebe mawili ya uwele. Sare ya Nyemo.
Na viatu vyangu, vya kwanza
ambavyo mguu wa mtu mwingine haukuvitangulia.

Ijumaa tukarudisha nyundo, tukasaini.
Kazi haikutupa kazi.
Matokeo yakatoka: mimi daraja la tatu,
Ndahani sifuri.
Hakurudi nyuma ya machinjio.
Au alirudi. Hatuulizani.

Vibao viliisha kabla ya kufika kwetu,
nyumba yetu mpaka leo haina namba.
Ila nikipita Chang'ombe na mgeni
siwezi kunyamaza, nanyoosha kidole:
ile kumi na saba, unaiona,
iliyopinda kidogo kushoto?
Pale jua lilikuwa machoni.
Ile ni mimi.