Ngata Mbili

Umeme umekatika Newala yote,
na mimi, karani wa mizani pale chama cha msingi,
kwa mara ya kwanza nimeshukuru.

Nimeibeba darubini mgongoni kama mgonjwa
mpaka ukingoni, Shimo la Mungu,
ambapo ardhi inaacha ghafla kuwa ardhi
na Ruvuma kule chini haionekani, inajulikana tu.
Juni. Baridi. Koo lina ladha ya salfa.

Malipo ya pili ya korosho yamo humu,
ndani ya bomba hili na kioo chake.
Kwa hilo Somoe hasemi nami, leo siku ya tisa.
Chakula huletwa;
kijiko ndicho kinachobisha hodi.

Saa nzima natafuta.
Giza, nyota moja ya kunidanganya, giza.
Kisha nakumbuka: kilicho hafifu
usikikodolee. Kitazame kando,
jicho litakiokota lenyewe.

Natazama kando.
Zipo.

Galaksi mbili, vumbi juu ya vumbi,
kila moja imejisokota,
na mkono wa hii umenyooka kuelekea ile
(au ni mimi nataka uwe umenyooka)
kama mtu anayeomba chumvi bila kutaja jina.
Nimepima magunia miaka kumi na minne,
naujua mchanga unaofichwa chini ya korosho;
hapa sina jiwe la mizani.
Mwanga huu uliondoka kwao
kabla hapajawa na mtu wa kununiana na mtu.

Nyuma yangu, kandambili.
Ananisogeza kwa bega, anainama,
anafumba jicho lisilo lenyewe, anabadili.
"Sioni kitu."
"Usitazame katikati. Tazama
kama unavyonitazama siku hizi."

Upepo unapanda kutoka bondeni.

"Ngata," anasema. "Ngata mbili, zimefumuka.
Zinagombana?"
"Zinavutana. Wataalamu wanasema
zitapita moja ndani ya nyingine,
zitatoka, zitarudi,
mwishowe itabaki moja."
"Lini?"
"Miaka milioni mia kadhaa."

Anacheka kwa puani.
"Maji yameisha nyumbani.
Gari la maji linafika saa kumi na moja alfajiri.
Ndoo ya kwanza ni yako."

Jicho bado hajaliondoa.