Taa ya Mia na Thelathini na Saba

Vidhibiti vitatu mezani jikoni,
kati ya kopo la chumvi na bili ya gesi.
Corrina ananiuliza kama tunaposa au tunazika,
maana nimevikodolea macho tangu saa kumi.
Nje ni Saskatoon, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na ngazi imegandia ukutani.

Cha kwanza ni cha bei ya kutupa, na rimoti yake nyeupe
ina vitufe vya rangirangi kama peremende.
Bonyeza nyekundu, nyumba nzima nyekundu.
Bonyeza buluu, buluu.
Hakijui kuhesabu. Kwake taa zote ni umati.

Cha pili kina matundu kumi na sita, feni,
na kitabu cha maelekezo kinene kuliko Biblia ya babu.
Kitaamrisha taa elfu kumi
zicheze, zipige magoti, zipande paa kama moto wa nyika.
Mimi nina mia nne na kumi na mbili.
Nilikitaka. Sitadanganya.
Nilikitaka kama mtoto atakavyo farasi.

Cha tatu ni kibao tu, ukubwa wa biskuti, uchi.
Sanduku la kukikinga na theluji utafute mwenyewe,
mpangilio wa rangi ukifundishe mwenyewe,
la sivyo utaomba nyekundu kikupe kijani
bila haya.

Nikamweleza Corrina taa hizi zinavyokula:
kidhibiti hupeleka sinia moja la habari,
taa ya kwanza inamega tonge lake,
inasukuma sinia kwa ya pili,
ya pili inamega, inasukuma,
mpaka ya mwisho kwenye kona ya gereji,
na hakuna inayorudia.
"Kumbe zina adabu kuliko kaka zako," akasema.
Ila ikifa moja, walio nyuma yake wote
wanalala njaa.

Hapo mlango ukagongwa.
Bi Odarka Hnatiuk, wa ng'ambo ya barabara,
buti za marehemu mumewe, mtungi wa viazisukari vyekundu vya siki.
Hakukaa.
"Krismasi yangu ni Januari saba," akasema.
"Jioni ya sita naweka mshumaa dirishani
kwa aliye njiani.
Ostap kwanza, kisha yeyote.
Mwaka jana taa zako zilikuwa zikirukaruka.
Sidhani aliuona."
Nikaanza kusema nitazima.
"Nani kasema uzime? Acha moja.
Inayotazamana na changu."

Akaondoka. Mtungi ukabaki kati ya vidhibiti
kama mjumbe wa nne wa kikao.

Cha kwanza hakiwezi kubakiza moja: yote au giza.
Cha pili kinaweza, ndiyo,
kama unavyoweza kukodi bendi nzima ya tarumbeta
ili mtu mmoja akohoe.
Nikachukua biskuti.

Siku tatu za kuungua vidole kwa solda
na kuganda vidole kwa ngazi.
Nikaongeza waya wa umeme katikati ya paa,
maana nguvu huchoka safarini
na nyeupe ya mwisho hutoka ya manjano kama jino.
Nikahesabu kutoka kwenye mfereji wa maji:
mia na thelathini na saba, juu ya dirisha la ngazi.
Nikaandika agizo. Ikawaka ya jirani yake.
Nilisahau kwamba mashine huanza kuhesabu na sifuri,
kwamba kwao hata asiyekuwapo
ana nafasi yake kwenye foleni.

Januari sita, saa kumi na moja na nusu,
zote zikalala peke yao.
Moja ikabaki, rangi ya nta.
Ng'ambo, kiberiti, kisha mwanga wa pili.

Nilitoka bila glavu, nikasimama barabarani
katikati ya hizo mbili,
theluji ikilia chini ya viatu.
Hakuna gari. Hakuna mtu.
Nikasogea pembeni, hata hivyo,
apite.