Dirisha la Stoo

Umeme umerudi saa nne usiku. Nyawera nzima imepiga kelele moja,
na mimi nimefungua mashine kabla haujabadili nia.

Kurasa arobaini na moja.
Nimezihesabu kwa kidole, kama mtu anayehesabu madeni:
ukurasa wa mauzo unaingia hifadhidata kwa mlango wake,
wa wadaiwa una ufunguo wake,
wa dawa zilizopita muda umeruka ukuta
na neno la siri mkononi, wazi, kama sigara.
Swali lile lile, leta dawa, bei, idadi,
limeandikwa mara arobaini na moja
na mara tatu limekosewa.

Jumanne tulibadili jina la safu moja tu.
"Bei" ikawa "bei_franka", maana bosi alitaka na ya dola kando.
Kufikia mchana Kadutu wanauza kinini kwa sufuri,
Panzi skrini nyeupe kama shuka la hospitali,
nami natembea na simu mbili masikioni
nikiomba radhi kwa lugha tatu.

Pale depo, Mama Cibalonza hana kompyuta. Ana dirisha.
Karani aje, daktari aje, hata bosi na tumbo lake,
haingii mtu. Unataja kitu, unapewa kitu.
Wiki jana alihamisha makatoni yote,
sindano zikakaa zilipokuwa chupa za dripu,
na hakuna aliyejua
isipokuwa mgongo wake.
"Kila mtu akiingia kujichukulia," aliniambia
bila kuniangalia, akifunga daftari kwa mpira,
"hii si stoo tena. Ni soko."

Basi usiku huu natoboa dirisha.
Faili moja. Nimeiita Stoo.
Ndani yake kazi chache, fupi, zenye majina ya kutamkika:
tafutaDawa, andikaMauzo, deniLaMteja.
Funguo zote zinalala humo,
na kurasa zinajifunza adabu:
kubisha, kutaja, kungoja.
Ya kwanza imeomba bei. Imepewa.
Haikuuliza imetoka rafu gani.
Ya pili. Ya saba.
Kwenye ya ishirini nimefuta mistari mia na kumi,
nikahisi kama mtu anayevua viatu
vilivyombana tangu Uvira.

Ukurasa wa mwisho ni wa Mugisho.
Ripoti ya mwezi. Aliuandika kabla hajavuka Ruzizi na begi moja,
na juu kabisa ameacha mstari:
Usiguse. Inafanya kazi. Sijui kwa nini.
Nimeusoma mara nne.
Swali lake refu kama foleni ya bidoni bombani,
lina majina ya meza tulizokwisha kuzika,
na neno la siri alilolitia humo
ni jina la mtoto wake.

Taa inapepesa.
Nimehifadhi. Arobaini.
Huu mmoja nitaugusa Jumatatu,
nikishampigia.